NDUNGUTSE, MUTU ALIYEKUJA NA JINA LA MUTOTO WA MWAMI



Mara hii ukurasa wa maisha ya watu wa zamani umeniangukia mimi. Wengine walitaka niandike tena juu ya Kimbangu ao Lumumba. Wale tumewasoma sana, na mutihani wa serikali utatuuliza juu yao mara ingine tena. Mimi nimechagua mutu ambaye sisi wa Masisi na Walikale tunapita mbio juu ya jina lake, lakini nyuma ya milima ya moto, upande wa Mulera na Buberuka, jina hilo lilitetemesha inchi nzima katika mwaka 1912. Na wazee wengine wanaoishi hapa Masisi walizaliwa na watu waliotoka kule, kwa sababu Wabeleji walileta familia nyingi kutoka Rwanda kati ya 1937 na 1955. Babu ya rafiki yangu mumoja alikuwa analijua jina hilo. Njo pale nilianza kuuliza.

Munajua kazi yangu. Kila asubuhi ninasimama mbele ya mustari na kuita majina. Mara ingine mutu anaitika kwa jina la mwenzake aliyebakia kitandani. Musifikiri sisikii, sauti zenu ninazijua zote. Lakini nilijiuliza siku moja: kama mutu angekuja hapa na jina la mutoto ambaye wote walisema amekufa, na sisi hatukuwahi kumuona yule mutoto, tungemujuaje? Hilo ndilo swali lililoangukia Rwanda.

Tuanze na familia, kwa maana bila familia hii Ndungutse hana habari.

Mwami Kigeri Rwabugiri alikuwa mutu wa vita. Alipigana kila upande: Ndorwa, Nkore, Bushi, kisiwa cha Idjwi, na hata Buhunde kwetu mishale yake ilifika. Alikufa katika mwaka 1895, katika safari ya vita ya kwenda Bushi. Lakini mbele ya kufa alikuwa ameisha kupanga mambo ya nyumba yake. Katika mwaka 1889 alimusimamisha mutoto wake Rutarindwa kuwa mwami pamoja naye, kusudi watu wasigombane nyuma. Sasa, kwa desturi ya Rwanda mwami hatawali peke yake. Anatawala pamoja na mama yake, na huyu mama ana nguvu kweli, si mama wa kukaa tu. Mama ya Rutarindwa alikuwa amekufa. Basi Rwabugiri akachagua mwanamuke mwingine kati ya wake zake, Kanjogera wa ukoo wa Bega, awe mama wa ufalme pahali pa yule aliyekufa.

Kanjogera alikuwa na mutoto wake mwenyewe wa kuzaa, Musinga. Mimi ninaona hapa Rwabugiri, pamoja na akili zake zote za vita, alimupa fisi kazi ya kulinda mbuzi. Lakini pengine tusimuhukumu yule mama haraka sana. Ni mama gani angeona mutoto wake anakaa chini, na yeye mwenyewe anaitwa mama ya mwingine?

Rwabugiri alipokufa, Rutarindwa alitawala karibu mwaka moja. Katika mwaka 1896 askari wa Inchi Huru ya Kongo walifika Shangi, karibu na ziwa Kivu, na jeshi la Rwanda lililoenda kuwafukuza lilipigwa vibaya na bunduki. Mukubwa wa jeshi, Bisangwa, aliyekuwa upande wa Rutarindwa, alikufa pale. Kanjogera na ndugu zake, Kabare na Ruhinankiko, waliona kama wakati umefika. Mwisho wa mwaka ule 1896, pahali panapoitwa Rucunshu, watu wa mwami na watu wa Kanjogera walipigana ndani ya muji wenyewe. Inasemwa kwamba kwanza watu wa Rutarindwa walikuwa karibu kushinda. Kiisha Kabare akamuinua kijana Musinga juu, mbele ya macho ya wote, kusudi waone kama mwami wao ni huyu. Wapiganaji wakageuka. Rutarindwa alipoona mambo yamekwisha, alijifungia ndani ya nyumba na ikawashwa moto. Alikufa pale pamoja na mke wake na watoto.

Shikeni vizuri neno hili la moto. Mutu aliyepigwa na mukuki, maiti yake inaonekana. Watu wanapita, wanatazama, wanarudi nyumbani wakijua. Lakini nyumba ya majani iliyoungua haiachi sura ya mutu. Tangu siku ile kila mutu katika Rwanda aliweza kuwaza moyoni kwamba labda mutoto mumoja alipita kwa mulango wa nyuma.

Musinga akawekwa mwami na kupewa jina la Yuhi. Alikuwa kijana mudogo tu, mwenye umri wa wanafunzi wetu wa madarasa ya chini. Waliotawala kweli ni mama yake na wajomba. Watoto wengi wa Rwabugiri na rafiki zao waliuawa katika miaka iliyofuata, wengine wakakimbia.

Sasa ninataka kueleza jambo moja ambalo lilinichekesha kwanza, nyuma likanishangaza. Katika mwezi wa tatu 1897 ofisa wa Wadachi, kapiteni Ramsay, alifika kwa mwami kutafuta urafiki. Wakubwa wa Rwanda waliogopa kumuonyesha mwami wao. Walikuwa wameona mambo ya Shangi, na pengine waliogopa vilevile dawa ya wageni. Basi wakamuvalisha mutu mwingine, jina lake Mpamarugamba, mavazi ya mwami, wakamukalisha kwenye kiti, na Ramsay akafanya urafiki na yeye. Akaenda zake akijua kama ameonana na mwami wa Rwanda! Mwaka uliofuata daktari Richard Kandt alifika naye, wakamuonyesha mutu yule yule. Lakini Kandt alikuwa amesikia kwamba Musinga ni kijana, na huyu mbele yake alikuwa mutu muzima kabisa. Hakudanganyika.

Munaona. Nyumba ile ile ambayo miaka kumi na nne mbele iliita Ndungutse mudanganyifu, ilikuwa imeweka mwami wa uongo mbele ya wageni, na walinzi wote na watumishi wote walinyamaza.

Kule kaskazini, katika Ndorwa, alikuwa mwanamuke mumoja anayeitwa Muhumusa. Alijulikana kama muke wa Rwabugiri, na alisema kwamba mutoto wake Bilegea ndiye mwenye haki ya ufalme, si Musinga. Watu wengi walimufuata, tena walimuogopa, kwa sababu walisema nguvu ya Nyabingi iko juu yake. Wadachi walimukamata na kumufunga Bukoba karibu miaka miwili. Alipofunguliwa katika mwaka 1911 alirudi kaskazini, upande wa Waingereza, akakusanya watu tena. Katika mwezi wa tisa mwaka ule askari wa Waingereza walimushambulia, risasi ikamupiga muguu, wakamupeleka Kampala.

Basi mama wa kaskazini amekwenda. Na Kabare, mutu mwenye nguvu wa Rucunshu, naye alikufa katika mwaka ule 1911. Katika nafasi hii, mwanzoni mwa 1912, anatokea Ndungutse.

Alisema yeye ni mutoto wa Rutarindwa. Yaani mutoto wa yule mwami wa moto. Wengine walisema alikuwa amekaa kwa Muhumusa na aliponyoka wakati Waingereza walimukamata. Wengine walimuita mutoto wa Muhumusa mwenyewe. Hakuwa na ushahidi wowote. Hakukuwa karatasi ya kuzaliwa, hakukuwa kitabu cha ubatizo, hakukuwa mulezi aliyesimama mbele ya watu na kuapa kama huyu ndiye mutoto niliyemubeba mugongoni. Alikuwa tu na jina, na namna ya kujichukua kama mutu wa nyumba ya mwami. Katika majuma machache karibu kaskazini yote ilikuwa yake.

Sababu gani? Tusiseme tu kwamba watu wa zamani walikuwa wajinga. Kule Mulera na Buberuka kila ukoo ulikuwa na shamba lake, lile babu zao walilokata kwa mikono yao katika pori. Wakati wa Musinga, na nguvu ya Wadachi nyuma yake, wakubwa kutoka kwa mwami walifika na kudai kazi inayoitwa uburetwa: siku mbili katika kila siku tano mutu anamulimia mukubwa bila malipo. Ndungutse alitangaza kwamba yeye akipata ufalme, uburetwa utakwisha. Mutu anayelima shamba la mwingine siku mbili katika tano hawezi kuuliza sana juu ya pua ya Ndungutse, kama inafanana na ya Rutarindwa ao hapana. Walihitaji mwami huyo awe wa kweli. Wakafukuza wakubwa wa Musinga, nyumba za wakubwa zikachomwa, na ng'ombe na zawadi vikaanza kumufikia Ndungutse kama mwami.

Watu wawili wa nguvu walikuwa pamoja naye, na maisha ya kila mumoja yangeweza kujaza gazeti hili. Wa kwanza ni Basebya, Mutwa, ambaye alikaa katika kinamasi kikubwa cha Rugezi. Kwa miaka mingi alikuwa ameasi mwami Musinga, na Wadachi walishindwa kumukamata, kwa sababu mutu asiyejua njia za kinamasi anazama na bunduki yake. Wa pili ni Rukara, mutoto wa Bishingwe, mukubwa wa ukoo wa Barashi. Huyu Wadachi walimutafuta kwa jambo kubwa: tarehe 1 mwezi wa nne 1910, katika mabishano juu ya ng'ombe, padri Loupias wa misioni ya Rwaza aliuawa na watu wake. Rukara alikuwa amejificha tangu siku ile.

Hapa tunafika pahali pagumu pa maisha ya Ndungutse, na mimi nilifikiri pale siku nyingi.

Alijua kwamba Musinga peke yake si tatizo. Tatizo ni Wadachi. Kama Wadachi wangekubali kwamba yeye ni mutoto wa mwami, angekuwa mwami, ao hata mukubwa wa kaskazini tu. Na mwanzoni haikuonekana kama haiwezekani. Kandt, aliyekuwa mukubwa wa serikali ya Wadachi huko Kigali, alikuwa amekwenda Ulaya kwa likizo, na pahali pake alikaa luteni Gudowius. Huyu hakushambulia mara moja. Mapadri wa Rwaza nao hawakuona uadui kwa Ndungutse, kwa sababu watu wake hawakugusa misioni. Ndungutse mwenyewe alikataza watu wake kugusa Wazungu. Alitaka kuonyesha kwamba yeye ni adui wa Kanjogera na wakubwa wake, si adui wa Ulaya.

Kiisha akatoa zawadi. Alimukamata Rukara na kumutoa katika mikono ya Wadachi.

Rukara alikuwa amekimbilia upande wake. Nilimuuliza mwalimu mumoja, akasema ni siasa, wafalme wote wanafanya vile. Wenzangu wawili wa darasa la sita waligombana juu ya jambo hili mupaka taa ikazimwa: mumoja alisema Rukara alikuwa na damu mikononi na alistahili hukumu, mwingine alisema mutu aliyekuja kwako kutafuta kimbilio, hata kama ana damu, humutoi kwa adui. Mimi ninakubaliana na wa pili, lakini ninaongeza jambo moja. Mutoto wa kweli wa mwami, anayejua moyoni kwamba kiti ni chake, angehitaji kununua jina lake kwa maisha ya mutu mwingine? Ao ni kinyume: mutu yeyote ambaye jina lake linakataliwa kila siku, mwisho anafanya lolote kusudi mutu mukubwa aseme ndiyo, wewe ndiwe? Jambo hili linaweza kuvutwa pande mbili, na halituonyeshi kama alikuwa wa kweli ao wa uongo. Linatuonyesha tu kama alikuwa anaogopa.

Zawadi ile haikununua kitu. Gudowius alimupokea Rukara, akamufunga, na akaendelea na matayarisho yake. Alikuwa ameisha kuamua kwamba Wadachi wametawala Rwanda kwa mukono wa Musinga, na kama Musinga akianguka, kazi yao yote inaanguka pamoja naye. Hakuna mutu aliyeita wazee kuuliza juu ya moto wa Rucunshu. Hakuna baraza, hakuna ushahidi uliosikilizwa. Kwa serikali jibu lilikuwa limepatikana mbele ya swali.

Katika mwezi wa nne 1912, alfajiri, askari wa Wadachi pamoja na wapiganaji wa Musinga walizunguka muji wa Ndungutse. Ndungutse hakuwa ametazamia. Mutu aliyetoa zawadi analala usingizi mwema. Risasi zikaanza mbele ya watu kuamka vizuri, na wengi walikufa. Wadachi walitangaza kwamba Ndungutse amekufa katika wale. Lakini kule kwenye milima walikuwa wengi waliosema hapana, aliponyoka, alivuka mupaka kwa Waingereza. Ni mambo ya Rucunshu mara ya pili: baba alikufa na watu wakasema mutoto aliponyoka, sasa mutoto amekufa na watu wanasema yeye pia aliponyoka.

Rukara hakukaa sana nyuma yake. Tarehe 18 ya mwezi ule ule walimutoa Ruhengeri kusudi wamunyonge mbele ya watu. Katika njia alinyakua kisu cha bunduki cha askari mumoja na kumuchoma. Wengine wakamupiga risasi pale pale. Na Basebya, ambaye bunduki zilimushindwa miaka yote katika kinamasi, alitolewa kwa hila na Rwubusisi, mukubwa mumoja wa Musinga, akakamatwa na kuuawa katika mwezi wa tano.

Kiisha mapigo yakawaangukia watu wadogo. Jeshi la mwami na askari walipita katika milima ya kaskazini wakichoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Waliokuwa wamepewa ahadi ya kuondolewa uburetwa wakawekewa wakubwa wengi zaidi kuliko zamani, na hoe zao zikarudi katika mashamba ya wengine. Uburetwa uliendelea wakati wa Wadachi, na Wabeleji nao wakauendeleza miaka mingi.

Munaweza kuuliza: na wewe, mwenye kuandika, unasema nini? Alikuwa mutoto wa Rutarindwa ao hapana? Mimi nikipima, ninaona vigumu kwamba mutoto wa mwami angefichwa miaka kumi na tano bila Kanjogera kumupata, kwa maana alikuwa na masikio kila pahali na hakuwasamehe hata wale wasiosema kitu. Kwa hiyo ninaelekea kusema hapana. Lakini rafiki yangu, yule mwenye babu, anakataa kabisa. Anasema Muhumusa alikaa miaka mingi karibu na Kanjogera naye hakuuawa, basi mutoto mumoja angeweza kufichika vizuri zaidi. Neno hilo sikuweza kulijibu.

Mambo ya wengine yalikwisha hivi. Kanjogera alikufa katika mwaka 1933, akiwa ameona mutoto wake akifukuzwa: Wabeleji walimuondoa Musinga katika ufalme mwezi wa kumi na moja 1931 na kumupeleka Kamembe. Nyuma, katika mwaka 1940, wakamuleta huku Kongo, Moba, karibu na ziwa Tanganyika, na pale alikufa katika 1944. Yule kijana aliyeinuliwa mikononi Rucunshu alikwisha maisha yake katika inchi yetu, mbali na milima yake. Muhumusa hakuruhusiwa kurudi kwao. Alikaa Kampala, chini ya ulinzi wa Waingereza, mupaka akafa katika 1945. Watu waliotoka Kigezi kwenda Kampala walikuwa wanapita kumusalimia.

Ombi moja mbele ya kuweka kalamu chini. Mwenye bibi ao babu aliyetoka upande wa Mulera ao Buberuka amuulize wakati wa likizo juu ya Ndungutse, na aandike kama anavyosikia, bila kuongeza chumvi. Mulete karatasi kwangu katika juma la kwanza la masomo. Muandike pande moja tu ya karatasi, na kwa herufi zinazosomeka, kwa sababu anayepiga mashine amelalamika sana, na stensili zilizobakia ni mbili.

Mukubwa wa wanafunzi, darasa la 6